Mshono kwenye Utepe

Wanasema hasira hasara. Basi hasara hiyo waniachie mwenyewe.

Siku ya kumuaga mama, mjomba aliniletea karatasi na kalamu, akasema wewe ndiye uliyesoma, keti uandike wasifu wa marehemu, ukurasa mmoja usizidi, maana watu wana safari ya kwenda kuzika Marangu. Nje, kwenye kiwanja chetu cha Lemara, vijana wa mtaa walikuwa wakikaza kamba za turubai na kupanga viti vya plastiki. Nikaingia chumbani kwa mama kutafuta vyeti vyake, nisije nikakosea mwaka wa kuajiriwa. Nikavuta kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Nilipolifungua ikatoka harufu ya spiriti na dawa ya madoa, harufu ya mikono yake, nikajikuta nimekaa sakafuni. Juu ya vyeti kulikuwa na mkasi wake wa kukatia bandeji, na kwenye tundu la kidole alikuwa amefungia kipande cha utepe mwekundu. Katikati ya utepe kulikuwa na mshono wa uzi mweusi, nyuzi saba, ndogo ndogo, zimelingana kama za cherehani.

Mjomba alichungulia mlangoni akauona. "Hayo usiyaweke," akasema. "Andika alikuwa muuguzi, alipenda watu, alimcha Mungu. Basi. Na katibu mwenyewe wa hospitali yuko njiani anakuja kutoa pole."

Katibu anakuja kutoa pole. Nilicheka, na hakikuwa kicheko cha mtu mwenye furaha.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye nyumba za watumishi, za shule au za hospitali, mnayajua maisha yale. Ukuta mmoja familia mbili, bomba moja la maji, ukikaanga kitunguu jirani anajua mnakula nini. Sisi tulikaa kwenye nyumba za hospitali, upande wa magharibi wa Mlima Meru, ambako asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mahindi. Jina la hospitali silitaji, maana sitaki mtu aniambie nimeichafua. Baba alikuwa na duka la vipuri mjini, alipanda kuja kwetu Jumapili. Siku nyingine zote tulikuwa mimi na mama, na mama alikuwa muuguzi wa thieta, ndivyo kila mtu alivyokiita chumba cha upasuaji.

Thieta ya zamani ilikuwa inavuja. Waliivunja wakaifanya stoo, wakajenga mpya ng'ambo ya bustani, na kwa miezi mingi mgonjwa wa kupasuliwa alipakiwa kwenye gari la hospitali akateremshwa mjini. Wengine walifika. Wengine hawakufika. Kisha wakaja watu wa kujitolea kutoka makanisa ya Ulaya, wanne, wawasaidie mama na wenzake kupanga chumba. Ninaowakumbuka ni wawili. Mmoja mzee fundi wa mitambo tuliyemwita Babu Spana, Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja, "tayari." Mwingine ni Hanna, muuguzi mrefu mwenye mafua yasiyopona.

Hanna na mama waligombana siku ya kwanza. Hanna alipanga vifaa kwenye droo kwa kufuata herufi za Kiingereza, vizuri kabisa, na vibandiko juu. Mama akavitoa vyote akavimwaga kwenye meza. Akavipanga upya kwa jinsi vinavyoitwa wakati wa kupasua: cha kwanza kuombwa kikae karibu, cha mwisho mbali. Akamwambia mkono hausomi abc, taa ikizimika mkono unajua njia wenyewe. Hanna wa watu alisimama, akapenga kamasi, akafumba macho akajaribu kupapasa. Akapata kila kitu. Toka siku hiyo walikuwa chanda na pete.

Mimi nilikuwa mgonjwa wao. Ili watumishi wazoee chumba kipya, walifanya mazoezi kila alasiri nikitoka shule: wananilaza kwenye kitanda cha magurudumu, wananisukuma ukumbini, wananihamishia mezani, wananifunika kitambaa cha kijani. Nilipasuliwa pengine mara ishirini bila kutoka tone la damu. Jambo nililolipenda ni kuhesabu. Kabla ya kupasua na kabla ya kushona walihesabu vitambaa vya kufutia damu, kwa sauti, kisije kimoja kikabaki tumboni mwa mtu. Mama alihesabu kwa Kiswahili, Hanna akafuatisha kwa Kiingereza, mpaka yule akaweza kufika ishirini kwa Kiswahili bila kukosea. Nikilala chini ya kile kitambaa niliona ni wimbo wangu.

Aliyengojea chumba kile kuliko wote alikuwa Mama Saning'o, aliyetuletea maziwa. Alitoka bondeni na kibuyu begani, maziwa yake yana harufu ya moshi, na mlangoni alinisalimu kwa lugha yake "Takwenya" nami nikajibu "Iko" kama alivyonifundisha, akacheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kabla ya huyo alimpoteza ndani ya gari, njiani kwenda mjini, na mama ndiye aliyekuwa amemshika. Kwa hiyo kila asubuhi alipomimina maziwa alimuuliza mama kama chumba kimeisha. Mama alimjibu, wewe utakuwa wa kwanza, nimekuahidi.

Na chumba kikaisha. Siku hiyo nilikuwepo. Babu Spana aliwasha taa kubwa ya juu ya meza, ule mtungi wa kutakasia vifaa kwa mvuke ukakoroma ukatulia, na mzee akafuta mikono akasema "tayari." Hata jioni ile ile wangeweza kupasua mtu.

Kesho yake katibu wa hospitali akaja na utepe. Alikuwa mwanamume nadhifu, viatu vinang'aa hata masika. Akaufunga mlangoni, nguzo hadi nguzo, akatangaza kwamba asiingie mtu mpaka mgeni rasmi aje azindue, ili sakafu isichafuke, maana picha zitapigwa. Itakuwa wiki ijayo. Wiki ijayo mgeni rasmi akawa na udhuru. Ikasogezwa. Akapata udhuru mwingine. Ikasogezwa tena. Wagonjwa wakaendelea kupakiwa kwenye gari, wanapitishwa mbele ya mlango wenye utepe. Fikiri hilo jambo. Mtu ameshika tumbo lake anapitishwa mbele ya chumba kilicho tayari, kwa sababu mkubwa mmoja hajapata nafasi ya kuja kukata kitambaa.

Hanna alikwenda kumuuliza katibu. Akarudi akamwambia mama kwamba ameelezwa ni mila ya hapa na hataki kuingilia mila za watu. Mama alikuwa anakunja shuka. "Mila ya nani?" akamuuliza. "Ya Wameru? Ya Wachaga? Mimi nimezaliwa Marangu, hatuna mila ya utepe." Lakini hata yeye aliishia hapo. Alikuwa mtumishi, ana mkubwa wake, ana mtoto wa kulea. Hilo namsamehe. Mengine siyasamehe.

Na mimi? Mimi nilikuwa nafurahi. Katibu alikuwa amenichagua kushika sinia la mkasi. Mnalikumbuka hilo, kila uzinduzi lazima awepo binti mmoja msafi amesimama kando na sinia, kitambaa cheupe, mkasi juu yake. Mama alinishonea gauni, viatu tukavipata sokoni Kwa Mrombo, vya mtumba lakini vyeupe pe. Jumamosi nilikwenda barazani kwa thieta kufanya mazoezi, sinia la nyumbani mikononi na kijiko badala ya mkasi, nikijifunza kusimama bila kijiko kutetemeka. Kichwani mwangu nilikuwa nimejitengenezea maelezo. Kwetu chakula hakiguswi kabla ya sala, na nyumba mpya hailaliwi kabla mchungaji hajaiombea. Nikaamini mgeni rasmi naye ni wa namna hiyo, kwamba mpaka akate utepe chumba hakijapata nguvu ya kuponya, na atakayeingia kabla yake atakufa. Hakuna mtu aliyenidanganya hivyo. Lakini niambieni, kwa waliyokuwa wanafanya watu wazima, mtoto angeelewaje vingine?

Jumamosi moja, asubuhi ya saa nne, nikiwa na sinia langu mlangoni, walimleta Mama Saning'o kwa bodaboda, katikati ya dereva na shemeji yake. Mtoto alikuwa amelala kikingamo na mkono wake mdogo umeshatangulia kutoka. Niliuona. Ulikuwa wa buluu. Gari la wagonjwa halikuwepo, katibu alikuwa ameondoka nalo kwenda Kijenge, mjini, kuchukua maturubai na viti vya sherehe.

Daktari wetu alikuwa kijana, hana hata mwaka kazini. Alimpigia katibu simu palepale barazani. Katibu akasema wanapakia, wawe wavumilivu saa moja tu. Daktari akamgeukia mama, uso umemsawijika. "Sista, tungoje gari."

"Gari lina viti," mama akasema.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sare akatoa mkasi wa bandeji. Hanna alikuwa nyuma ya kitanda, amekishika tayari kusukuma. Mama akasema, "Liwalo na liwe," akakata. Utepe ukaanguka pande mbili.

Mimi nikapiga kelele kwamba ule utepe ni wangu. Nilisema hivyo, mbele ya mwanamke anayekufa, nimesimama katikati ya mlango na sinia langu, na kitanda kilikuwa kinanisubiri mimi nipishe. Mama hakunitazama. Alinisukuma kwa kiwiko, sinia likaanguka kwa kishindo, wakapita. Nilikaa barazani nikilia. Kupitia mlangoni nikawasikia wakihesabu, mama na Hanna, moja, mbili, tatu, kwa lugha mbili. Baadaye akalia mtoto.

Alasiri mama alitoka na sindano na uzi wa kushonea wagonjwa. Akakaa barazani akaushona ule utepe, taratibu, nyuzi saba. Akaniita. "Nimekushonea utepe wako," akasema. "Mgeni atakata hapa pembeni, hatajua." Mimi nikageuza uso. Niliuona ule mshono mweusi nikauchukia, na nikaanza kungoja Mama Saning'o afe.

Hakufa. Siku ya tatu alikuwa amekaa kitandani ananyonyesha, na mimi nikamwona mama yangu kama mtu aliyekula kabla ya sala na tumbo lisimuume.

Katibu aliporudi na viti vyake alijua thieta imetumika, alipigiwa simu mwenyewe. Alichotaka ni aliyekata. Alimuuliza daktari, daktari akasema alikuta mlango uko wazi. Akamuuliza Hanna, Hanna akasema hakuona, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia mtu wa kanisani anadanganya bila kupepesa macho. Hata mpiga deki alisema hajui. Wote walimficha mama, mmoja mmoja, bila kupanga. Jumanne katibu akaniita mimi ofisini. Nikampa shikamoo, akanipa soda ya machungwa na andazi. Akasema amesikitika sana, maana sinia pengine atapewa mtoto mwingine, mtoto asiyeficha mambo.

"Mtoto mzuri hasemi uongo," akasema. "Nani alikata?"

Nikasema. Sikulazimishwa, sikupigwa. Nilimwambia mama alikata kwa mkasi wa mfukoni, nikamwambia alichosema, nikamwambia alivyonisukuma. Nikamaliza soda. Nilitoka mle ndani nikijiona mwepesi, kama mtu aliyetubu dhambi ya mwenzake.

Jumamosi iliyofuata mgeni rasmi alipata nafasi. Utepe ulikuwa mpya. Mama alinipigia gauni pasi asubuhi, akanisuka, akanifuta viatu, kisha akaenda kazini kwake kupya, dobi, nyuma ya jiko la hospitali, ambako hakuna mgeni anayefika. Niliambiwa amehamishwa tu. Nilisimama kando ya nguzo na sinia. Mgeni rasmi alikata, akanishika kichwa, simu zikapiga picha. Akasema kuanzia leo hakuna mama atakayefia njiani. Watu wakapiga makofi. Wale wageni wa kujitolea walikuwa wamevishwa vitenge mabegani na Hanna alikuwa analia, nikadhani ni furaha. Mama Saning'o alikuwa wodi ya nyuma na mtoto wake, ameambiwa afunge pazia, kwa sababu chumba hakijafunguliwa na kwa hiyo yeye hajapasuliwa.

Nilimpelekea mama pilau na kipande cha keki kwenye karatasi. Nilimkuta mikono imo kwenye karai hadi kwenye viwiko, anafua vile vitambaa vya kijani vya thieta. Hakuniuliza chochote kuhusu hotuba.

"Sinia lilitetemeka?"

"Halikutetemeka."

"Vizuri," akasema, akaendelea kufua.

Alifua miaka minane. Ile thieta aliyoipanga droo kwa droo hakuikanyaga tena, ila damu yote iliyotoka humo ilipita mikononi mwake. Mikono ikaharibika, kucha zikawa njano. Baba aliposema mama aache kazi tuhamie mjini, alikataa mpaka nilipomaliza shule, kwa sababu ada yangu ilitoka kwenye lile karai. Na miaka yote ile nilijifariji kwamba hajui. Nilisema moyoni, nani angemwambia? Katibu asingesema. Nilikuwa na siri yangu, nikakua nayo, nikasomea nayo, nikaolewa nayo.

Sasa rudini nami pale sakafuni Lemara. Chini ya vyeti kulikuwa na barua ya uhamisho. Nilikuwa sijawahi kuiona. Karatasi imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa. Inasema muuguzi ameharibu maandalizi ya uzinduzi kwa makusudi, "kwa mujibu wa shahidi aliyekuwa amesimama mlangoni." Tarehe yake ni ya Jumatano.

Jumatano. Siku moja baada ya soda. Mlangoni hakuwa amesimama mtu mwingine isipokuwa mimi. Mama alijua toka Jumatano, na Jumamosi akanipigia gauni pasi. Alijua aliponisuka. Alijua aliponiuliza kama sinia lilitetemeka. Alijua kila ada alipolipa, na hakunipa hata kofi moja, hata neno moja, hata lile jicho lake ambalo nilistahili.

Nina hasira na katibu, na itakuwepo mpaka nife. Nina hasira na mgeni rasmi ambaye huenda hata hakumbuki. Na mama pia, Mungu anisamehe, nina hasira na mama kwa kunyamaza, kwa kunilea kwa upole ambao sikuwa nimeulipia, akafa kabla sijapiga magoti. Hasira iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, najua inakaa wapi.

Niliandika. Mjomba alikuja mara mbili kuuliza kama nimemaliza, nikasema bado. Niliitwa mbele mchana, jeneza limewekwa chini ya turubai. Katibu alikuwa safu ya kwanza, mzee sasa, ana fimbo, viatu bado vinang'aa. Nyuma kabisa niliwaona Mama Saning'o na kijana mrefu, wameketi na galoni la maziwa miguuni.

Nilisoma jina la mama, alipozaliwa, alipobatizwa, alikosomea. Kisha nikasoma kwamba Jumamosi moja, gari la wagonjwa likiwa limekwenda kubeba viti, alikata utepe wa thieta kwa mkasi wake wa bandeji ili mama mmoja na mwanawe wasife, na kwamba kwa kosa hilo alifua nguo miaka minane. Mjomba akakohoa. Katibu akaangalia chini. Kijana mrefu akasimama mahali alipokuwa, akabaki amesimama, na mama yake akamshika mkono.

Sentensi iliyofuata ilikuwa fupi. "Aliyemsema ni mimi, mwanawe, ili nishike sinia."

Karatasi ilikuwa inatetemeka. Nikaiacha itetemeke, nikaendelea kusoma.